Siku ya Sita Mlimani

Safari ya siku tano ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ifutwe. Nalisema hili nikiwa mwongoza wageni, mtu ambaye ada za watoto wake zinatoka mlimani, na najua wapo wenzangu mjini Moshi ambao hawatapenda kulisoma gazetini. Lakini tumelinong'ona vya kutosha getini na vibandani. Sasa lisemwe mchana.

Kwa asiyeujua mlima, safari yenyewe huenda hivi. Mgeni analipia akiwa kwao, iwe Ujerumani, Marekani au Nairobi, mara nyingi katika kundi la kuungana: tarehe imepangwa, bei ni moja, na watu wasiofahamiana wanakutanishwa hotelini Moshi jioni ya kuamkia safari. Kesho yake wanaandikishwa Geti la Marangu. Usiku wa kwanza wanalala Mandara, mita 2,720 kutoka usawa wa bahari. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na huko kwa kweli hakuna kulala. Kabla ya saa sita usiku wanaamshwa, wanapewa chai na biskuti, wanaanza kuupanda mteremko wa changarawe kwenda Gilman's, mita 5,685. Wenye nguvu wanauzunguka ukingo wa kreta hadi Uhuru, mita 5,895. Siku hiyohiyo wanateremka mpaka Horombo. Siku ya tano wako getini wanapokea vyeti.

Hesabu hiyo peke yake inatosha kuwa ushahidi. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Sisi tunampandisha mita 1,000 kutoka kibanda kimoja hadi kingine, kisha usiku wa mwisho tunamwongezea nyingine zaidi ya 1,000 kwa mkupuo. Kule Nepal, wanaokwenda kwa miguu hadi kambi ya chini ya Everest hutumia kiasi cha siku nane kupanda tu, na hulala usiku wa ziada Namche na Dingboche ili mwili uzoee. Kambi hiyo ipo mita 5,364. Ni chini ya Gilman's kwa zaidi ya mita 300.

Pale Uhuru, kila pumzi inampa mtu karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa Dar es Salaam. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini unadai muda, na haujali mazoezi wala umri. Nimewashika mkono wakimbiaji wa marathoni wakitapika Kibo. Nimefika Uhuru na mama mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye tangu getini alikuwa wa mwisho, akitembea kama anayehesabu mawe. Hata Hans Meyer, ambaye vitabu vinamtaja kama Mzungu wa kwanza kufika kileleni, alijaribu 1887 akakwama. Alipofaulu mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa ameweka kambi mlimani na kupandishiwa chakula na watu kutoka Marangu, ili asilazimike kukimbilia kilele. Waliombebea na kumwonyesha njia walikuwa wenyeji wetu, na pale Marangu jina la Yohani Lauwo bado linatajwa kwa heshima kwa ajili ya safari ile.

Watu huniuliza kama tatizo ni kusafiri kwa makundi. Hapana. Kundi zuri ni neema. Nimewaona vijana wawili wa Nairobi wakimgawia soksi kavu mama wa Kanada waliyekutana naye siku mbili tu kabla, na mama huyo akawaimbia watu wote mezani usiku ule, upepo ukipiga mabati. Kundi humtuliza mwenye hofu na kumfundisha mwenye haraka kwenda pole. Mwongozaji anayejua kazi humweka mbele yule wa polepole kuliko wote, na wengine wakafuata mwendo wake. Hapo kundi linamlinda kila mmoja.

Linapobanwa na siku, kundi hilohilo linaanza kufichana. Jioni ya Horombo, baada ya bisi za moto na chai, huwa tunapima oksijeni ya damu kwa kile kidude kinachobana kidole. Kampuni nyingi hufanya hivyo mezani, kila mtu akisikia namba ya mwenzake. Mwenye 90 anapongezwa. Mwenye 78 anainamisha uso. Usiku unaofuata utawaona watu wanavuta pumzi ndefu ndefu kabla zamu yao haijafika, au wanasugua vidole vipate joto, ili namba ipande. Na ukiuliza, "Kichwa vipi? Umekula? Umelala?" unajibiwa "safi, safi," kwa sababu hakuna anayetaka kuwa yule aliyewachelewesha wengine. Mimi siku hizi nawapima kila mtu kitandani kwake, mlango umefungwa. Majibu hubadilika sana.

Nimkumbuke mgeni mmoja, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi reli huko Ulaya. Kampuni iliyomuuzia safari siitaji, maana si yeye pekee na si wao pekee. Alikuwa katika kundi la siku tano. Mandara alikuwa mchangamfu kuliko wote. Horombo hakumaliza supu. Kibo, tulipowaamsha, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na kamba za viatu mkononi, anazitazama, hajui zinakwenda wapi. Nikamtoa nje kwenye mwanga wa taa, nikachora mstari mchangani kwa fimbo yangu, nikamwomba atembee juu yake, kisigino kikigusa kidole. Hatua ya tatu akaangukia kushoto. Tukajaribu tena, akaangukia kushoto tena. Kila mwongozaji anaijua maana yake: ubongo unavimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyohiyo.

Akaniomba nimwache ajaribu walau mpaka pango la Hans Meyer. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nikamwambia, "Mzee wangu, tunashuka." Vijana wanne wakamfunga kwenye ile machela ya tairi moja, wawili mbele na wawili nyuma, wakaanza kuivuka nyanda kavu iliyo kati ya Kibo na Mawenzi gizani. Machela ile haina raha kwa aliye juu yake wala kwa anayeisukuma. Kila jiwe linamfikia mgonjwa mgongoni, na kila bonde inabidi waibebe mabegani. Usiku kama ule huwezi kungoja helikopta. Walipofika Horombo kunapambazuka, alikuwa ameanza kuuliza yuko wapi, kisha akaomba chai. Mita 1,000 za kushuka zilimrudisha.

Siwezi kuapa kwamba siku moja zaidi ingemfikisha Uhuru. Najua kwamba ingempa usiku wa pili Horombo, na asubuhi ya kutembea polepole hadi kwenye yale Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha kurudi kulala chini. Hivyo ndivyo mwili unavyozoea: unapanda juu, unalala chini. Watu wa njia ya Machame hupata faida hiyo wanapopitishwa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha wakashushwa kulala Barranco. Na ningekuwa na saa 24 zaidi za kumtazama, ningeuona ugonjwa ukiwa bado kwenye supu, haujafika miguuni.

Kwa nini basi siku tano bado zinauzwa? Kwa sababu ya fedha, na hapa nitasema wazi. Kwa viwango tulivyovizoea, mgeni wa nje hulipa Hifadhi dola 70 kwa siku na dola 60 kwa kitanda cha kibandani, halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake. Siku moja inazidi dola 150 kabla hujamlipa mpishi wala kununua kilo ya viazi. Wakala anayeshindania wateja anaifuta siku hiyo, bei inaonekana nzuri, na mteja aliye ghorofani huko Munich hana njia ya kujua alichofutiwa. Anaambiwa tu kwamba karibu wote hufika. Mtu aliyekata tiketi ya ndege ya mabara mawili, akaomba likizo kazini, akafanya mazoezi mwaka mzima, anapotezewa safari yote kwa sababu ya dola 150 ambazo angezilipa kwa furaha kama angeelezwa.

Upande wetu nao una lake. Siku ya mwisho, pale getini, kuna bahasha. Kundi lililofika kileleni lote hutoa bahasha nene, na kundi lililorudisha watu Kibo hutoa nyembamba. Mwongozaji kijana, mwenye kodi ya nyumba inayomngoja Moshi, anapomtazama mgeni anayeyumba saa nane usiku, bahasha hiyo ipo kichwani mwake hata kama hataki. Namlaumu kidogo. Waliopanga mambo yawe hivyo nawalaumu zaidi. Kampuni ilipe mshahara wa kueleweka, mgeni afike Uhuru au asifike, na usiku wa kilele kuwe na wasaidizi wa kutosha, ili mmoja akishuka na mgonjwa, wengine wasibaki bila mtu.

Na wagumu, hao wapagazi wanaobeba kilo 20 begani ili mgeni apate meza na maji ya moto, wanapandishwa kwa mwendo uleule. Mwinuko hauulizi nani kazaliwa Marangu au Machame. Wengi wamevaa viatu vya mitumba kutoka soko la Memorial, na akiumwa kichwa ananyamaza, kwa sababu anaogopa safari ijayo asiitwe. Baba yangu alibeba mizigo kwenye mlima huu kwa miaka mingi na alikuwa akisema mgumu huumwa akishafika nyumbani. Sitaki wanangu waurithi usemi huo. Siku ya sita kwa mgumu ni posho ya siku nzima zaidi na mwili wenye nafasi ya kuzoea. Sioni anachopoteza.

Wenzangu hunijibu kwamba wapo wanaofika kwa siku tano bila shida. Wapo, nami nimewafikisha. Mgeni aliyetoka kupanda Meru, mita 4,566, ndani ya wiki hiyohiyo, mwili wake umeshazoea, na huyo anaweza kupewa ruhusa maalumu akionyesha cheti chake cha Meru. Wengine husema zipo dawa, Diamox. Dawa hiyo humsaidia mtu kuzoea, ila haimpi usiku ambao hakulala Horombo. Hoja ninayoiheshimu ni ya kijana asiye na uwezo, aliyejinyima apate kuuona mlima. Kwake ningesema angoje mwaka mmoja zaidi, aje na siku sita. Akirudishwa Kibo kwa machela, ataulipia mlima mara ya pili, kama atapata nafasi ya pili.

Raia wa Afrika Mashariki wao hawana hata sababu hiyo. Kiingilio chetu ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje. Na bado kila Desemba, makundi yanapokuja kuadhimisha tarehe 9, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge na bendera pale juu, nakutana na watu wetu waliochangishana kwenye simu, wamechapisha fulana, wamenunua kamera, lakini wamebana siku ili Jumatatu wawe kazini. Ndugu zangu, bana kwenye fulana. Omba ruhusa ya siku moja kazini. Na usikubali kuondoka getini kabla hujamwuliza mwongozaji wako ni nani atashuka nawe ukiumwa, na kundi litabaki na nani.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ina uwezo wa kulimaliza jambo hili bila kelele. Vibali vinatoka kwake. Ilipoamua kwamba hakuna mgeni atakayepanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, wapo waliosema wageni watakimbia, nao hawakukimbia. Naiomba sasa itamke kwamba kibali cha njia ya Marangu hakitatolewa kwa safari isiyofika siku sita, na kwamba kampuni itakayotangaza chini ya hapo itanyimwa leseni. Zile dola za siku ya ziada zitalipwa kama ada zake. Waziri akitaka ushahidi, aje alale Kibo usiku mmoja wa Agosti, akae mlangoni kuanzia saa tisa, ahesabu machela.