Picha ni ya Mwili Wako, Makala ni Yao

Wasee, nianze kwa kukiri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo kabla hujakimbia kwenye komenti kuniuliza mtu wa kuacha chuo anajua nini kuhusu majarida ya madaktari, tulia kwanza. Najua bei. Na hii stori yote ni ya bei.

Binamu yangu ni radiografa. Ndiye yule msee anayekuambia "vuta pumzi, shikilia, haya achilia" ukienda kupigwa eksirei ya kifua. Yuko hospitali ya kaunti, kwa kandarasi. Juzi alikuja kwangu usiku, na hakuja kwa ajili ya dishi, alikuja kwa ajili ya intaneti. Kulikuwa na makala kuhusu kupunguza mionzi kwa watoto wanaopigwa picha za CT. Mwili wa mtoto unaumizwa na mionzi kuliko wa mtu mzima, kwa hivyo huwezi tu kumpiga kwa kipimo cha babake. Alitaka kuisoma kabla ya zamu ya asubuhi.

Tukabonyeza. Aya moja ya muhtasari, halafu ukuta: lipa dola 35 usome kwa saa 24. Karibu shilingi 4,500! Na si hata kununua, ni kukodisha. Binamu alicheka ile kicheko ya mtu amezoea kuumizwa, akafunga simu.

Sasa niulize, hiyo pesa ni ya nani? Aliyeandika makala hakulipwa na jarida. Madaktari walioikagua kabla ichapishwe kwa kawaida hawalipwi, wanafanya usiku baada ya kazi zao. Utafiti mara nyingi umelipiwa na kodi. Na zile picha za ndani ya makala ni za wagonjwa, watu waliolala kwa ile mashine baridi wakiomba Mungu. Mgonjwa ametoa mwili, daktari ametoa akili, serikali imetoa doo. Halafu kampuni inaweka ukuta na kuwauzia wote walewale. Buda, hata kanjo hana hiyo roho.

Watu watasema mambo yamebadilika, siku hizi kuna majarida ya kusoma bure. Ni kweli. Lakini mengi yamehamisha tu rungu kutoka kwa msomaji hadi kwa mwandishi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja iwe wazi kwa kila mtu. Moja! Ndiyo, kuna punguzo kwa nchi maskini, lakini Kenya tuliingizwa kwa orodha ya kipato cha kati, ngazi ya chini, mwaka 2015. Kwa hivyo mara nyingi tunapewa punguzo la nusu badala ya msamaha. Nusu ya mlima bado ni mlima.

Na hapo ndipo matapeli wanaingia. Lekchara anahesabiwa makala ndipo apandishwe cheo. Akikosa pesa ya jarida kubwa, anapata barua pepe inayomwita profesa mheshimiwa sana, alipe kidogo, achapishwe wiki ijayo bila mtu kusoma alichoandika. Mnawacheka wanaonaswa. Mimi sicheki. Ukifunga mlango wa mbele, usishangae watu wakipitia dirishani.

Hata haya mafunzo ya kazini ni vilevile. Mhudumu wa afya lazima akusanye alama za mafunzo ndipo leseni ifanywe upya. Wazo poa kabisa, sitaki mtu anisomee picha na elimu ya zamani. Lakini alama zikipatikana kwenye kongamano la hoteli lenye kiingilio, nauli na malazi, unampima daktari akili ama unampima mfuko?

Nitawaambia kitu sijivunii. Baada ya kuacha chuo niliandika insha za wanafunzi wa Marekani, ile hustle mnaijua. Mteja mmoja alinipa nywila ya maktaba ya chuo chake. Manze, kila ukuta ulianguka. Nilisoma majarida ya kitabibu bila kulipa senti, mimi mlaghai wa insha, na binamu yangu anayewapiga watoto picha hawezi. Niambie huo mfumo unalinda nini.

Wachapishaji wana jibu. Watasema wana gharama: wahariri, seva, kuhifadhi kazi. Sawa, walipwe gharama. Watasema kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002 wa kupatia nchi kama zetu majarida. Sawa pia, na umesaidia wengi. Lakini unapitia taasisi. Kama hospitali yako haijajisajili, au nywila iko na mkubwa mmoja ambaye yuko likizo, wewe wa zamu ya usiku utafanya aje?

Na msiniambie haiwezekani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895 na akakataa kuiwekea hataza. Pesa ya Nobel ya 1901 aliipatia chuo kikuu chake cha zamani. Mwaka 2005 daktari wa Australia, Frank Gaillard, alianzisha Radiopaedia, ambapo madaktari duniani wanaweka picha na maelezo, na mtu yeyote anasoma bure. Na tangu Julai 2025, utafiti unaolipiwa na taasisi ya afya ya Marekani, NIH, lazima uwe wazi siku ileile unapochapishwa. Walioamua wameweza.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki. Utafiti wowote uliolipiwa na kodi ya Kenya, au uliotumia picha za wagonjwa wa Kenya, usomwe bure na Mkenya. Alama za leseni zipatikane pia kwa kozi za bure za mtandaoni. Na nyinyi madaktari wakubwa, majarida mengi yanawaruhusu kuweka nakala yenu kwenye hifadhi ya chuo. Mbona hamweki?

Binamu alimwandikia mwandishi wa ile makala usiku uleule. Jamaa alijibu kesho yake saa nane mchana, na PDF nzima, na salamu. Bure. Yeye mwenyewe alitaka isomwe!

Lakini saa nane mchana binamu alikuwa ameshapiga watoto wawili picha.