Kipuri Halisi ni Shahidi, Si Pambo

Husimuliwa kisa cha mzee mmoja aliyejivunia jembe alilorithi kwa babu yake. Mzee huyo alipenda kusema kwamba jembe lile halijapata kuharibika tangu siku za babu. Ila mpini tu ndio uliobadilishwa mara tatu, na chuma chake mara mbili. Waliomsikia walicheka, naye hakuelewa kicheko kilitoka wapi.

Kisa hiki si cha mzaha mtupu. Ndani yake mna swali linalowasumbua watu wote wanaohifadhi vitu vya kale: kitu kikibadilishwa sehemu zake zote, je, ni kile kile? Swali hili huwa zito zaidi kitu chenyewe kinapokuwa mali iliyotumiwa na dola, na hapana mfano unaolionyesha kwa uwazi kuliko gari la kale la polisi linapofufuliwa kwa vipuri vyake vya asili.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako kazi hii ina mizizi. Kati ya mwaka 1948 na 1954 kampuni ya Wolseley, iliyokuwa moja ya kampuni za Nuffield, ilitoa gari lililoitwa 6/80. Yalitengenezwa magari yapatayo 25,000 ya aina hiyo. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.2 na kabureta mbili, na mwendo wake ulitosha kuwafuata wezi wa wakati ule. Polisi wa London walilitumia kwa wingi. Aliyepata kutazama filamu za Kiingereza za miaka ya 1950 atalikumbuka: gari jeusi, kengele ya chuma king'aavyo mbele, na nembo ya kiwanda inayowaka usiku katikati ya grili.

Leo magari hayo yamebaki machache, na wanaoyafufua hutumia miaka mingi kutafuta taa, kioo, kitasa au bampa ya asili. Lakini neno hilo "asili" lina utata ambao wengi hawaufikirii. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa la kawaida, sawa na la daktari au mwanasheria. Lililolifanya kuwa la polisi ni vifaa vilivyofungwa baadaye: kengele, redio ya mawasiliano, kipaza sauti na kibao cha juu. Na utumishi wake ulipokwisha, vifaa hivyo aghalabu viling'olewa kabla gari halijauzwa kwa raia. Kwa hiyo fundi analikuta gari likiwa limevuliwa sare yake. Matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye bampa na paani ndiyo ushahidi pekee kwamba hapo palikuwa na kengele, na pale palikuwa na kibao. Fundi asiyejua kusoma matundu hayo atayapiga lipu na rangi, na papo hapo atakuwa amefuta ukurasa mzima wa historia kwa mkono wake mwenyewe, huku akidhani anasafisha.

Taabu nyingine ni kwamba kiwanda chenyewe hakipo. Mwaka 1952 kampuni za Nuffield ziliunganishwa na Austin, na mwaka 1975 jina la Wolseley likaachwa kabisa katika magari. Hapana duka la kiwanda la kuagizia spea. Mafundi hutegemea magari mengine yaliyokufa, maghala ya zamani na masoko ya vitu vikuukuu. Wenye ujuzi wanafahamu kwamba gari la Morris Six la miaka ile ile lilikuwa ndugu wa 6/80, likiwa na injini ya ukoo mmoja na sehemu kadhaa za bodi zinazofanana. Je, kipuri kilichotoka kwa ndugu ni cha asili? Mtu mwaminifu atajibu kwamba ni cha wakati ule na cha kiwanda kile, lakini si cha gari lile. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, bali ni kubwa kwa ukweli.

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la gereji na kuwa la maadili. Wapo wanaofufua magari kwa ajili ya kuwapendeza watazamaji. Hao hulitwaa gari la mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakalibandika paani taa ya buluu inayozunguka, kwa sababu watoto wa leo hawalitambui gari la polisi lisilo na taa hiyo. Lakini taa ya namna hiyo haikuwa sehemu ya kawaida ya magari ya polisi wa Uingereza wakati huo, ilienea baadaye. Hata kama taa yenyewe ni ya zamani na imetoka katika gari halisi la polisi, ikifungwa pale inasema uongo. Tena sheria ya nchi hiyo haikukaa kimya: kanuni za taa za magari za mwaka 1989 zinakataza gari lisilo la huduma za dharura kufungwa taa ya tahadhari ya buluu, hata kama taa hiyo haiwaki. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Alama ya dola si pambo la kuchezea. Raia anayeiona barabarani hupisha njia na kutii, na utii huo haufai kuibiwa.

Hata hivyo, yafaa tuonye pia juu ya kosa la upande wa pili, yaani ushupavu wa kudai kila kitu kiwe kilekile cha zamani bila kujali madhara. Bitana za breki za magari ya enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huua mapafu polepole. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Fundi anayezipuliza bitana hizo kwa hewa ili azirudishe garini haihifadhi historia, anajichimbia kaburi. Tairi la mpira lililokaa ghalani miongo kadhaa huweza kuwa na alama zote za kiwanda, lakini likapasuka katika safari yake ya kwanza. Waya za umeme zilizovikwa mpira na pamba hukauka, zikachubuka, zikawasha moto. Ndiyo maana mafundi wenye busara hufunga waya mpya zenye gamba salama, kisha wakazivika pamba kwa nje zionekane kama za zamani, nao hawaoni haya kusema kwamba wamefanya hivyo.

Hata mafuta yenyewe yamebadilika. Petroli yenye madini ya risasi iliacha kuuzwa kwa umma kwa jumla nchini Uingereza tangu mwanzo wa mwaka 2000, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiondoa katika vituo vya mafuta ya magari. Injini ya 6/80 tangu ujana wake ilijulikana kwa valvu za kutolea moshi zilizoungua mapema. Je, uaminifu unamtaka fundi arudishe ugonjwa pamoja na mgonjwa? La hasha. Valvu za chuma kigumu zaidi haziondoi heshima ya gari. Linaloiondoa ni kuficha kwamba zimewekwa.

Kwa hiyo kanuni ya kufuata si ngumu. Kipuri cha asili kinachoweza kufanya kazi kisiondolewe, hata kama kimechubuka na hakimetameti. Kipuri kinachohatarisha maisha kiondolewe bila majuto, lakini kihifadhiwe pamoja na gari kama ushahidi pale inapowezekana bila kudhuru mtu. Na kila kilichobadilishwa kiandikwe: nini, lini, kwa nini, na kimetoka wapi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, liliyaweka mawazo ya namna hii katika Mkataba wa Turin mwaka 2012. Mkataba huo unaliangalia gari kama sehemu ya urithi wa utamaduni, na unataka historia yake iheshimiwe, pamoja na mabadiliko liliyoyapata wakati wa utumishi wake, na kazi yote ya ufufuaji iwekewe kumbukumbu.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wasio na kazi, na kwamba fedha zinazotumika kutafuta kitasa kimoja zingenunua madawati. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba magari mengi ya namna hii Ulaya yamo mikononi mwa watu binafsi wenye nafasi. Lakini kuhifadhi si lazima kuwe anasa. Gari lililoachwa na kutu yake chini ya paa lisilovuja, likiwa na vipuri vyake na daftari lake, lina thamani kubwa kwa taifa kuliko lililopakwa rangi ya kung'aa na kujazwa vipuri vya kubuni. La kwanza hugharimu uangalifu. La pili hugharimu fedha, kisha likadanganya.

Tena tusisahau kwamba gari la polisi halikumbukwi na watu wote kwa namna moja. Mwaka ule ule wa 1948 ulioleta Wolseley 6/80 barabarani ulileta pia Land Rover, ambalo lilifika Afrika Mashariki na kutumiwa na polisi wa serikali za kikoloni. Huko London mzee anaweza kuliona gari jeusi lenye kengele akatabasamu kwa kuukumbuka utoto wake. Nchini Kenya, mzee aliyepitia Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na kwisha mwaka 1960 hawezi kutarajiwa kutabasamu hivyo mbele ya Land Rover la polisi la siku zile. Anayelifufua gari kama hilo akaling'arisha mpaka likawa kama kitu cha harusi amechagua kumbukumbu ya upande mmoja na kuitupa ya upande wa pili. Wavu wa chuma madirishani na bati lililobonyea navyo ni vipuri vya asili.

Jijini Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, lipo gari la Rolls-Royce lililotumiwa na utawala wa Waingereza, na baada ya uhuru likatumiwa na Mwalimu Julius Nyerere. Si gari la polisi, lakini linatoa fundisho lile lile. Atokee mtu wa kuuliza: lirudishwe katika asili ipi? Ile ya gavana, au ile ya Rais wa taifa huru? Jibu la busara ni kwamba lisirudishwe popote. Thamani yake imo katika kuwa chuma kile kile, kiti kile kile, kilichobeba tawala mbili zilizopingana. Fundi angeifuta mojawapo, gari lingebaki zuri, lakini lingekuwa bubu.

Fundisho hili linawahusu watumishi wa ofisi na walimu kuliko linavyowahusu mafundi. Gari lililokufa nyuma ya ofisi ya umma halifi siku injini inapozima. Hufa siku daftari la safari zake linapofungiwa maandazi, na siku kadi ya matengenezo inapotupwa kwa kuwa "gari lenyewe halipo tena." Fundi wa kesho, hata awe hodari vipi, hawezi kufufua kitu ambacho karani wa leo amekifuta. Naye mwalimu anayewapeleka wanafunzi makumbusho asiishie kuwaonyesha rangi na magurudumu. Awafundishe kuuliza kipi hapo ni cha zamani, kipi ni kipya, na nani ameandika hivyo.

Yule mzee wa jembe hakuwa na kosa la kubadilisha mpini, kwani jembe lisilo na mpini halilimi. Kosa lake lilikuwa kudai kwamba hakuna kilichobadilika. Angelisema kweli, pasingekuwapo mtu wa kumcheka.