Asiyekuwapo Lake Lisipotee

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtoro. Katika enzi hii ya tarakilishi na rununu, yafaa imwonye msimamizi pia.

Tangu Machi 2020, janga la korona lilipofunga vyuo na ofisi nyingi nchini, kazi ya kufanyia nyumbani imezoeleka. Wahitimu wa Kiswahili hawakuachwa nyuma. Mfasiri aliye Lodwar hupokea matini kutoka Nairobi, akaifasiri na kuirejesha pasi na kuonana na mhariri ana kwa ana. Mwanzoni hujibu kila barua pepe kwa bashasha. Baada ya miezi michache majibu hupungua, kisha hunyamaza.

Wasimamizi wengi huuita ukimya huo uvivu. Dawa yao ni kuongeza mikutano ya mtandaoni, kudai kamera ziwashwe na kutaka ripoti asubuhi na jioni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu anayechungwa hujifunza kuonekana yupo, huku moyo wake ukiwa kwingine.

Historia ya Kiswahili yenyewe inathibitisha kwamba umbali si adui wa kazi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wakati ambapo barua ilisafiri kwa meli na garimoshi. Hata hivyo, ilitoa jarida, ikasanifisha tahajia, na kamusi zake zikachapishwa mwaka 1939. Kilichoitia doa si umbali. Katika miaka yake ya mwanzo viti vyake vilikaliwa na Wazungu, nao wenyeji wa lugha wakaletewa maamuzi yaliyokwisha kupitishwa. Si ajabu kwamba manung'uniko ya watetezi wa Kimvita na lahaja nyinginezo yalidumu kwa miongo mingi. Asiyeshirikishwa katika uamuzi huuona kuwa wa wenyewe, hata akiishi jirani na ukumbi wa mkutano.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mfasiri wa mbali hapoi kwa sababu haonekani, bali kwa sababu haoni. Haoni matini yake ilitumiwa wapi, wala haelezwi kwa nini istilahi aliyoikesha imefutwa. Mhariri akimwandikia sentensi mbili za sababu, atakuwa amemfunza na kumheshimu kwa pamoja. Aidha, jambo linalowahusu wote lisikatwe na wachache walioketi pamoja ofisini kabla ya walio mbali kuulizwa. Waulizwe kwa maandishi, kwani si kila mtu ana mtandao wa kuaminika au fedha za kuununua kila siku. Kazi ikichapishwa, jina la kila aliyeshiriki liwepo.

Bila shaka wazembe wapo. Hao wapimwe kwa ubora wa kazi na tarehe waliyoahidi, wala si kwa saa walizokaa mbele ya kamera.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na wanachama wao walioko kwenye mazoezi ya kufundisha, ambao mara nyingi hukumbukwa siku ya kulipa ada tu. Msimamizi wa kesho analelewa katika vyama hivyo. Akizoea leo kumwekea fungu asiyekuwapo, hatasahau kesho.