Gauni Jeupe Halifungi Ndoa

Hapa Lubumbashi mwanamke anaweza kutolewa mahari yote, wakwe wakala na kunywa, watoto wawili wakazaliwa na wa kwanza akaanza shule, na bado mtaa mzima ukasema hajaolewa. Kosa lake ni moja: hajavaa gauni jeupe. Ukimuuliza lini wataenda komini, kwa ofisa wa serikali, kuandikisha ndoa, anakujibu kwa sauti ya chini kwamba bado wanatafuta pesa ya gauni, ya ukumbi na ya magari. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Imani hii kwamba gauni ndilo linalofanya ndoa ni ya uongo, tena anayeilipia ni mwanamke. Naipinga bila kuipunguzia makali.

Naishi kando ya barabara ya Kasenga, ile inayotoka mjini kuelekea mto Luapula kwenye samaki. Kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, misafara ya harusi hupita hapa kila Jumamosi ikipiga honi. Vumbi letu ni jekundu na halimheshimu mtu. Bibi arusi akishuka kupiga picha, mkia wa gauni unaburuzika, na wapiga picha hawajamaliza kumpanga upindo umeshageuka rangi ya tofali. Yatazame kwa karibu magauni ya kukodi. Upindo umefuliwa mara nyingi hadi wekundu umeingia ndani ya uzi, ndipo wameshonea juu yake utepe mpya wa lesi kuuficha. Mgongoni hakuna zipu, kuna kamba za kukazia, ili gauni hilohilo limtoshe msichana mwembamba wiki hii na mama mnene wiki ijayo. Kiunoni, kwa ndani, pini zinashikilia palipopwaya.

Kukodi si aibu. Wanaowasimanga mabinti kwa methali ya nguo ya kuazima haisitiri matako wanawaonea, kwa sababu anayekodi amekubali ukweli ulio wazi: vazi hili ni la saa sita. Kinachonikasirisha ni vazi la saa sita kusimamisha ndoa ya watu kwa miaka sita.

Wengi wanaamini weupe huu umetoka kwenye Biblia. Haukutoka huko. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, alivaa satini nyeupe yenye lesi ya Honiton, akitaka pia kuwapa kazi washona lesi wa nchi yake. Kabla ya hapo bibi arusi wa kawaida huko Ulaya alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote, na aliendelea kuivaa Jumapili zilizofuata. Matajiri wakamwiga malkia, wa kati wakawaiga matajiri, na maneno kuhusu usafi na ubikira yakabandikwa baadaye. Kwetu desturi hiyo ilikuja na misheni na maisha ya mji wa madini, ambako kampuni ya Union Minière, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini na wake zao. Leo magauni yanashonwa Suzhou kule China na İzmir kule Uturuki. Tumeyafanya sheria ya Mungu.

Lakini watu wa pande hizi walikuwa na ndoa kabla ya satini. Mwaka 1931 mwanaanthropolojia Audrey Richards alishuhudia chisungu, sherehe ya kumfunda msichana, ya Wabemba, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na mwaka 1956 akaichapisha kitabuni. Ilichukua zaidi ya wiki tatu, na uzito mkubwa ulikuwa kwenye mafunzo: kulima, kulea, kuishi na mume na wakwe. Banachimbusa, wale mama wanaofunda mabinti, wapo hata sasa hapa mjini, na binti anayekaa chini akawasikiliza anaingia kwenye ndoa na kitu. Sisi tunampa siku mbili za kusikiliza na miezi minane ya kutafuta gauni.

Na Kanisa? Mkatoliki afungue Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1108. Itamwambia kwamba ndoa inataka askofu, paroko au padre au shemasi aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Kuhusu nguo, hakuna neno hapo. Hata hivyo nimemsikia mama mwenye watoto akisema hawezi kubariki ndoa yake kwa kuwa nyeupe ni ya mabikira, na akija na rangi nyingine watu watamcheka. Yaani amefungiwa milango yote miwili. Padre au mchungaji anayelijua jambo hili na kulinyamazia anashiriki kumweka mwanamke huyo nje ya sakramenti aliyo na haki nayo.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Sheria ya Familia ya nchi yetu, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwezi Julai 2016, inataka wanaooana wawe wametimiza miaka 18, wakubaliane kwa hiari yao, na mahari yawepo. Ndoa iliyofungwa kwa desturi ndani ya familia inaweza kuandikishwa kwa ofisa wa serikali, na hati ikatoka. Sheria hiyohiyo inamhesabu mwenzi aliyebaki hai miongoni mwa warithi, na inampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Haki hizo zinasimama juu ya hati. Tumewaona wajane, Katuba, Kenya, Ruashi, kila komini ya mji huu: mume hajamaliza hata siku arobaini, shemeji wanakuja kuhesabu mabati na viti, wanamwambia mama, "Wewe uliolewa lini hapa?" Mahari yalitolewa mbele ya hao hao wanaouliza. Anatafuta karatasi, hana. Mwajiri wa marehemu naye anaitaka kabla ya kumlipa chochote. Miaka yote ile wangeweza kwenda komini asubuhi moja wakiwa na nguo zao za Jumapili. Walikuwa wanangoja gauni.

Najua jibu ninaloletewa: harusi ni siku moja ya maisha, mwache binti ang'are. Na ang'are! Sijasema mtu aolewe na nguo ya kupikia. Nimeona binti akilia kwa furaha mbele ya kioo, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Mwenye uwezo anunue gauni la dola atakazo. Lakini kwenye vikao vyetu vya harusi mambo hayaendi hivyo: familia inamwekea kijana orodha, gauni liko juu kabisa, na hati ya komini haimo kabisa. Kijana anakopa, au anakimbia. Akikopa, mwaka wa kwanza wa ndoa wanaula pamoja na mdai wao.

Kama mnaniuliza gauni la kufaa ni lipi, nitawajibu kama mtu aliyeshonesha nguo kwa miaka. Nunua kikwembe (kitenge) kizuri cha yadi 6, mpe mshonaji wa mtaani muda wa kutosha, apime mara mbili, akushonee libaya (blauzi) lenye mikono uipendayo na sketi unayoweza kupanda nayo gari na kucheza nayo. Sidai kwamba kikwembe ni asili yetu tupu. Wax tunayoisifu zaidi inachapwa na Vlisco mjini Helmond, Uholanzi, kampuni iliyoanzishwa 1846. Wala sitamani kurudi miaka ya 1970, serikali ilipoamuru nani avae nini. Nakitetea kwa sababu kitavaliwa tena kwenye ubatizo wa mtoto, kwenye sikukuu, kwenye harusi ya mdogo wako, na siku mambo yakikaza, kitambaa ambacho hakijakatwa kinauzika. Mama wengi walioolewa enzi hizo za abakosi, ile suti isiyo na tai, walisimama na kikwembe mbele ya ofisa, na leo ni bibi za watu. Hakuna anayewaambia hawakuolewa.

Wakwe, ondoeni gauni kwenye orodha ya mahari, au liwekeni mwisho, chini ya hati. Mapadre na wachungaji, tangazeni mimbarini kwamba wanandoa waje na nguo walizonazo, kisha mkiwaona wamekuja wapokeeni mbele, si kwenye misa ya alfajiri ya kujificha. Nawe dada unayengoja, mwambie mumeo mwende komini wiki hii mkaulize siku ya kuandikisha ndoa. Bebeni kadi zenu za mpiga kura kama vitambulisho, mtafute mashahidi, mmwombe mjomba mmoja na shangazi mmoja wa kila upande wawasindikize. Gauni mtalikodi Desemba, mkipenda, pesa ikipatikana.