Kabla Hujakimiminia Petroli, Uliza Kinawakaje

Wiki hii naongea na wale wenye mapenzi na vindege na vigari vya rimoti. Siyo vile vya betri, hapana, nasema vile vyenye injini ya kweli, inayonguruma na kutoa moshi.

Mtu analetewa kigari na shangazi yake aliye Ulaya, chupa ya mafuta haimo. Kinachofuata ni mbio mpaka sheli kununua petroli ya elfu mbili. Kaka, hapo umeliwa!

Swali la kwanza ni hili: injini yako inawakaje? Nyingi ndogo hazina plagi ya cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wa platini unaopashwa moto kwa betri. Ikishawaka unachomoa betri, na waya unabaki mwekundu wenyewe, kwa sababu platini ikikutana na methanoli joto linazaliwa. Plagi hizi zilienea kuanzia 1947 kwa kazi ya Mmarekani Ray Arden. Petroli na platini hawana urafiki huo, kwa hiyo utavuta kamba mpaka bega ling'oke.

Mafuta yake basi ni methanoli, oili, na mara nyingi nitromethane kidogo. Oili humo ndani siyo pambo, ndiyo inayolainisha injini yote. Ya zamani na ya kuaminika ni ya nyonyo. Dada zangu msicheke, ndiyo, nyonyo ile ile! Ila ile ya nywele ya dukani mara nyingi ina manukato, msiipeleke kwenye injini.

Nitromethane inaongeza nguvu, lakini inaongeza joto na gharama pia. Vindege vingi vinatosheka na asilimia 5 hadi 15, vigari 20 hadi 30. Tena kuna mashindano ya kasi ya shirikisho la michezo ya anga, FAI, ambayo mafuta yake ni methanoli 80 na nyonyo 20 tu. Soma kijitabu cha injini, usifuate sifa za kijiweni.

Zipo nyingine zisizo na plagi kabisa, zenye skrubu juu ya kichwa. Hizo zinakula etha, mafuta ya taa na nyonyo. Yenye plagi ya cheche ndiyo ya sheli, nayo ikiwa ya mapigo mawili changanya petroli na oili yake, kama msumeno wa kukatia miti.

Sasa la muhimu kuliko yote. Methanoli ni nyeupe kama maji, na ni sumu. Kiasi kidogo tu kinapofua macho, kinaua. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, maana mtoto hajui. Akionja, mkimbize hospitali hata kama anacheka, kwani madhara yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Pia moto wake juani hauonekani, na inapenya kwenye ngozi, hivyo vaa glavu. Funga kifuniko vizuri, inanyonya unyevu wa hewani na kuharibika.

Mchezo ni mzuri, msomaji wangu, lakini macho hayana spea. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.