Wakala, Kabla ya Kukopa Floti Piga Hesabu ya Dantzig

Mteja amefika kwa kibanda chako alfajiri, anataka kutoa elfu tano. Unamjibu, "Mama, keshi imeisha, jaribu kwa jirani." Jioni anakuja mwingine kuweka pesa, nawe unamwambia, "Floti imeisha, rudi kesho." Wateja wawili wamekwenda siku moja, na kamisheni zao zimekwenda nao.

Tukizungumza na mawakala wa Migori na Homa Bay, wengi hutuambia dawa ni moja tu: mtaji zaidi. Wanatuomba mkopo. Mikopo sisi tunatoa, na wakala akikopa tunapata faida, kwa hivyo tutakalosema leo huenda likakushangaza. Kwa maoni yetu, wakala wengi wanaolilia mtaji hawana shida ya mtaji kwanza. Shida yao ni mpangilio. Na mpangilio una hesabu yake, iliyofanyiwa kazi na watu wazito tangu zamani.

Huyu Dantzig ni nani?

George Dantzig alizaliwa Portland, Marekani, mwaka wa 1914. Baba yake, Tobias, alikuwa mwanahisabati pia. Mwaka wa 1939, akiwa mwanafunzi pale Berkeley, alichelewa kufika darasani kwa Profesa Jerzy Neyman. Alikuta maswali mawili yameandikwa ubaoni, akadhani ni kazi ya nyumbani, akayanakili na kwenda kuyafanya. Aliona ni magumu kidogo kuliko kawaida, lakini akayakamilisha. Kumbe yalikuwa maswali ya takwimu ambayo hakuna aliyekuwa ameyapatia jibu.

Hadithi hiyo watu huipenda sana, lakini kazi yake kubwa ilikuja baadaye. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na jeshi la anga la Marekani. Jeshi lina ndege, mafuta, marubani, vipuri na chakula, na kila kimoja kina kiasi chake. Nani apelekewe nini, lini, na kiasi gani? Mwaka wa 1947 Dantzig alitoa njia ya kujibu maswali ya aina hiyo, nayo ikaitwa njia ya simpleksi. Somo lenyewe tunaweza kuliita upangaji wa mstari.

Hakuwa peke yake. Kule Urusi, Leonid Kantorovich alikuwa amechapisha mawazo yanayofanana na hayo mwaka wa 1939, baada ya kuulizwa na watu wa viwanda vya mbao jinsi ya kugawa kazi kwa mashine zao. Kantorovich na Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1975. Dantzig aliachwa nje, na mpaka leo wako wanaoona hakutendewa haki. Alifariki mwaka wa 2005.

Shamba la mteremko

Usiogope neno hisabati. Hebu fikiria shamba la mteremko kule Rongo, limezungushiwa uzio ulionyooka kila upande. Tunakuambia usimame mahali pa juu kabisa bila kuruka uzio. Utasimama wapi? Si katikati. Utapanda mpaka uzio ukuzuie, kisha uufuate uzio huo ukiendelea kupanda, mpaka ufike kwenye kona ambayo ukienda upande wowote unashuka.

Hiyo ndiyo simpleksi. Mteremko ni faida unayoitafuta. Uzio ni mipaka yako: mtaji, saa za kazi, wateja, usalama. Dantzig alionyesha kuwa huna haja ya kukagua shamba zima, maana jibu bora hupatikana kwenye kona. Unatoka kona moja kwenda nyingine iliyo juu zaidi, na kila ukisimama unajiuliza: ni uzio gani hasa unaonizuia hapa?

Wakala anayekopa bila kujiuliza swali hilo ni kama mtu anayesogeza uzio wa chini ya shamba akitarajia kufika juu zaidi.

Mfano wa kwanza: alfajiri ya omena

Tuchukue wakala wa Mbita. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei zetu rasmi. Mtaji wake ni shilingi 60,000, keshi na floti pamoja. Kamisheni ya kutoa pesa tuseme ni shilingi 8 kwa kila elfu moja.

Omena huvuliwa usiku kwa taa, mashua zinarudi kukicha. Akina mama wanaonunua ufuoni wanataka keshi mapema, jumla 45,000. Mchana na jioni mambo hugeuka: wenye mashua, wenye maduka na wazazi wanaleta pesa ziwekwe kwa simu, jumla 40,000.

Wakala wetu ana desturi ya kugawa nusu kwa nusu, keshi 30,000 na floti 30,000, kwa sababu inaonekana ni haki. Alfajiri anahudumia 30,000 na kufukuza wateja wa 15,000. Amepoteza shilingi 120. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni 3,120 kila mwezi.

Sasa angalia. Kila mteja anayetoa pesa anakuachia floti, na kila anayeweka anakuachia keshi. Kama angefungua na keshi 45,000 na floti 15,000, angehudumia alfajiri yote. Floti yake ingepanda mpaka 60,000, ikatosha wale wa 40,000 wa mchana, na jioni angebaki na keshi 40,000 na floti 20,000. Mtaji ni ule ule, na hakuna mteja aliyefukuzwa.

Na kuna jambo la kuuma. Hata kwa mtindo wake wa nusu kwa nusu, jioni hubaki na keshi 40,000, karibu kabisa na ile inayohitajika kesho. Kisha anakimbia kubadilisha 10,000 iwe floti ili "kusawazisha". Analipa nauli ili ajiharibie kesho yake.

Lakini subiri: siki ya Dantzig

Kuna msomaji tayari anauliza, "Nilale na elfu arobaini na tano ndani ya nyumba? Mnataka niuawe?" Ni swali zuri. Hata Dantzig mwenyewe lilimfika la kufanana nalo.

Moja ya majaribio ya kwanza ya njia yake, mwaka wa 1947, ilikuwa kutafuta chakula cha bei nafuu kinachotosha mwili wa mtu. Vyakula 77, virutubisho 9. Kompyuta za kazi hiyo hazikuwapo, kwa hivyo makarani 9 walibonyeza mashine za mkono, na kazi ikala siku 120 ukijumlisha za kila mtu. Jibu: dola 39.69 kwa mwaka, kwa bei za 1939. George Stigler, mchumi aliyekadiria kwa akili yake tu, alikuwa amepata 39.93. Tofauti ni senti 24! Heko kwa Stigler, lakini sasa ilijulikana kwa hakika kwamba hakuna jibu la chini zaidi.

Miaka baadaye Dantzig akataka kupanga chakula chake mwenyewe ili apunguze uzito. Kompyuta ikamwambia anywe galoni 500 za siki. Hesabu haikukosea. Yeye ndiye aliyesahau kuweka mpaka wa siki. Hesabu haijui usichoiambia.

Kwa hivyo tuiambie kuhusu wezi. Tuseme wakala wetu ameamua kutolala na keshi zaidi ya 30,000. Basi jibu bora linarudi kuwa 30,000 kwa 30,000, pale pale alipokuwa! Tumepoteza wakati bure? La. Sasa anajua kinachombana ni usalama, si mtaji. Hata tukimkopesha laki moja, bado atafukuza wale wa 15,000 kila alfajiri.

Na anajua bei ya huo mpaka: shilingi 120 kwa siku. Kwa kila elfu ni shilingi 8, na hiyo ndiyo wataalamu huiita bei kivuli, yaani faida unayokosa kwa kila elfu ambayo uzio unakuzuia. Akiona 120 ni bei ndogo kwa usingizi mzuri, alale, na sisi tunamuunga mkono. Akiweza kupata sefu ya 12,000 iliyofungwa vizuri ukutani, itakuwa imejilipa kwa siku 100 za kazi. Au azungumze na mwenye duka au kituo cha mafuta chenye mlinzi, anayefunga siku na keshi nyingi na kutaka floti. Hapo anasogeza uzio unaombana kweli.

Mfano wa pili: siku ya malipo Awendo

Twende Migori sasa. Pesa za miwa au mishahara zikiingia pale Awendo, watu wote wanataka kutoa na karibu hakuna anayeweka. Wakala mwenye mtaji wa 60,000 anamaliza keshi saa nne asubuhi, na bado kuna wateja wa 60,000 nyingine kwenye foleni. Hapa mtaji unabana kweli. Je, akope?

Tuseme mkopo wa 60,000 unatozwa asilimia 9 kwa mwezi, yaani 5,400. Siku kama hizo ziko nne kwa mwezi. Kila siku, 60,000 za ziada zinaleta kamisheni ya 480. Kwa mwezi ni 1,920. Amelipa 5,400 kupata 1,920, hasara 3,480. Huyo atafanya kazi kwa bidii, kibanda kijae watu, na mwisho wa mwezi ashangae pesa zimeenda wapi.

Njia nyingine: floti anayo tayari, 60,000 nzima, maana wateja wa asubuhi wamemwachia. Anaigeuza iwe keshi benki, boda kwenda na kurudi tuseme 200. Kamisheni 480 toa 200, anabaki na 280. Mara nne ni 1,120 kwa mwezi, bila deni. Barabarani pia kuna hatari, kwa hivyo usiende peke yako, usizoee saa moja, na usimtangazie mtu unakotoka.

Hatusemi mkopo ni mbaya siku zote. Kwa mfano wetu, kila elfu uliyokopa inakugharimu 90 kwa mwezi na inakupa 8 kila inapozunguka. Ikizunguka mara 12 au zaidi imekulipa. Ikizunguka mara nne, inakula mtaji wako. Weka tarakimu zako mwenyewe, uone uko upande gani.

Na sisi je?

Itakuwa rahisi kumaliza hapa na kumwachia wakala mzigo wote. Hiyo si haki. Sehemu ya uzio hakuujenga yeye. Mtandao ukipotea alfajiri ya mashua, hakuna hesabu ya kumsaidia. Waajiri na wanunuzi wa mazao wakilipa watu wote siku moja, saa moja, mji mzima unakauka keshi. Tunaona ni busara malipo yagawanywe kwa siku mbili au tatu, na tunaona kampuni kama zetu zina wajibu wa kumwonyesha wakala historia ya kibanda chake saa kwa saa, kabla ya kumwonyesha kitufe cha mkopo.

Wako watakaosema wakala wa kijijini hana haja ya simpleksi. Hatukubaliani nao. Mama anayeuza mbuta sokoni Oyugis, akijua anunue ngapi, akaange ngapi na auze ngapi wabichi kabla jua halijaziharibu, tayari anatafuta kona ya shamba lake. Alichofanya Dantzig ni kuipa kazi hiyo utaratibu.

Fanya hivi wiki hii

Chukua daftari. Kwa siku 14 andika kila mteja uliyemfukuza: saa ngapi, alitaka kutoa au kuweka, na kiasi gani. Usiandike majina wala namba zao za siri, hizo hazikuhusu. Mwisho wake jiulize maswali matatu:

1. Ni keshi au floti iliyokosekana, na saa ngapi?
2. Wakati huo huo, ile nyingine ilikuwa imelala bure?
3. Kinachonibana ni mtaji, usalama, umbali wa benki, au ni desturi tu?

Rudia hesabu msimu ukibadilika. Uvuvi wa omena unapofungwa, ambao kwa miaka mingi umekuwa Aprili hadi Julai, alfajiri ya Mbita si ile ile tena, na mgao wa jana hautafaa.

Ukishamaliza daftari lako na bado ukaona unahitaji mtaji, njoo tuzungumze kuhusu mkopo, na uje na hilo daftari. Tukiliona, hata sisi tutajua kama tunakusaidia au tunakuuzia siki.