VITA VYA NIGERIA NA SKULI ZAKE: FUNZO KWETU VISIWANI

Tarehe 12 Januari hapana mtu wa visiwa hivi asiyeijua. Mwenye kuishangilia anaijua, na mwenye kujifungia ndani siku hiyo anaijua vile vile. Lakini si wengi miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba ni tarehe hiyo hiyo, katika mwaka 1970, ndipo Philip Effiong, aliyeachiwa madaraka ya Biafra baada ya mkubwa wake kukimbia nchi, alipozungumza katika redio na kutangaza kuwa watu wake wanaweka silaha chini. Siku ya tarehe 15 alifika Lagos, akasalimu amri mbele ya Jenerali Yakubu Gowon. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vilivyoanza Julai 1967, vikawa vimekwisha.

Vilikwisha katika medani. Kama vilikwisha nyoyoni ni suala jingine, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo mbele ya wanachama wetu, kwa kuwa khabari ile ya mbali inatugusa zaidi kuliko tunavyodhani.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Nigeria ilipata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1960. Tarehe 15 Januari 1966 kikundi cha maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo wa Mashariki, kiliasi, na katika asubuhi moja akauawa Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, akauawa Ahmadu Bello aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Kaskazini, na wengine pamoja nao. Mwezi wa Julai askari wa Kaskazini wakalipiza kisasi. Kisha ikawa zamu ya raia. Waigbo waliokuwa wakiishi katika miji ya Kaskazini, wenye maduka yao na makarani wa reli, walishambuliwa majumbani na vituoni. Maelfu wakauawa, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbilia kwao Mashariki na kile walichoweza kukibeba. Wakubwa walikutana Aburi, Ghana, mwezi wa Januari 1967, wakapatana maneno ambayo kila upande ulirudi nyumbani ukayafasiri upendavyo. Tarehe 30 Mei 1967 Odumegwu Ojukwu akatangaza dola ya Biafra, na baada ya wiki chache mizinga ikaanza kulia.

Kwa muda wa miezi thelathini bahari ilifungwa, barabara zikafungwa, na njaa ikawaua watu ambao risasi haikuwafikia. Makisio ya waliokufa ni baina ya nusu milioni na milioni tatu, na wengi wao walikuwa watoto. Msomaji na azizingatie hisabu hizo mbili. Makisio yakiachana kwa roho milioni mbili na nusu, maana yake ni kwamba hapana dola iliyokaa chini ikawahisabu watu wake.

Tuseme haki, kwa kuwa haki husemwa hata kwa mshindi. Jenerali Gowon alitamka kuwa katika vita vile hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa, na hakusimamisha mahakama za kisasi wala minara ya kunyongea watu. Ulimwengu ulikuwa ukikhofu mauaji makubwa baada ya kusalimu amri, nayo hayakutokea. Hilo ni jambo la kusifiwa, na wapo watawala wengi, hata karibu yetu, ambao hawakuliweza.

Lakini neno zuri lataka tendo la kulifuata. Mtu wa Biafra aliyekuwa na fedha benki, ziwe nyingi namna gani, alirejeshewa paundi 20 tu. Nyumba za Waigbo katika mji wa Port Harcourt ziliitwa mali iliyoachwa, wakazikuta zina wenyewe wengine. Hata ghuba ya bahari iliyokuwa ikiitwa Biafra tangu enzi za mabaharia wa kale ilibadilishwa jina katika miaka ya 1970, ikaitwa Bonny. Mwenye kuambiwa kuwa hakushindwa, naye anaona mpaka jina la bahari yake limefutwa katika ramani, atafahamu nini?

Kisha ikaja zamu ya skuli. Kwa miaka mingi mtoto wa Nigeria aliweza kusoma khabari za falme za kale na za ukoloni, lakini vita vilivyomuua babu yake vilipitwa kwa sentensi chache. Na baadaye hata hizo chache zikakosa mahali pa kukaa. Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulioanza kutumika kuelekea mwaka 2010 uliliondoa somo la Historia lisisimame peke yake, likamezwa ndani ya masomo ya jamii. Kizazi kizima kilipita skuli bila ya mwalimu wa kukieleza kwa nini nchi yao ilipigana. Mwaka 2018 serikali iliagiza somo lirejeshwe, na mwaka 2022 ilikuwa bado inazindua kurejeshwa kwake na kutafuta walimu wa kulifundisha. Somo ni jepesi kulifuta. Kulirejesha kunataka umri wa mtu.

Je, walipokaa kimya walimu, watoto walikaa bila ya kujua? Hasha. Penye ukimya wa skuli husomesha jiko na baraza. Nyumbani kwa Muigbo mtoto alisomeshwa njaa, na treni zilizorudi kutoka Kaskazini zimejaa majeruhi. Nyumbani kwa mtu wa Kaskazini mtoto alisomeshwa asubuhi ya tarehe 15 Januari, na viongozi wake waliouawa. Khabari zote mbili ni za kweli. Kila nyumba ilianza kuhisabu kutoka maiti wake wa kwanza, ikanyamaza ilipofika kwa maiti wa jirani. Hapakuwa na darasa ambamo watoto wa nyumba hizo mbili wangekaa benchi moja wakasikia yote kwa pamoja. Basi tusistaajabu kwamba mwaka 1999, miaka 29 baada ya vita kumalizika, vijana wengi ambao hawakuiona Biafra kwa macho yao walijiunga na harakati mpya ya kuidai, wakaipandisha upya bendera yake.

Na wako waliosahauliwa na nyumba zote mbili. Huyo Effiong aliyesalimu amri kwa niaba ya Biafra hakuwa Muigbo. Alikuwa Muibibio, mmoja wa watu wa kaumu ndogo ndogo za Mashariki waliobanwa baina ya majeshi mawili. Mwandishi Ken Saro-Wiwa, Mogoni, alikuwa upande wa serikali, akapewa kuitawala Bonny wakati wa vita, na mwaka 1989 akachapisha kumbukumbu zake ili kueleza kuwa kaumu hizo nazo ziliteseka, na kwamba si kila aliyekuwa ndani ya Biafra aliitaka Biafra. Ukiwafundisha watoto kuwa vita vilikuwa na pande mbili tu, umeshawazika watu hawa mara ya pili.

Tutazame mji wa Asaba, ukingoni mwa mto Niger. Mwezi wa Oktoba 1967 majeshi ya serikali yaliingia humo. Watu wa mji walitoka kwa ngoma, wamevaa nguo zao nyeupe za sherehe, kuonyesha kuwa wao ni raia wa Nigeria moja. Wanaume na wavulana wakatengwa na wanawake, wakapigwa risasi kwa mamia. Kwa miaka mingi mauaji hayo hayakuwamo katika vitabu vya skuli. Yalihifadhiwa na wajane na ndugu, na kitabu kikubwa cha kitaalamu kilichoyakusanya maelezo yao kilitoka mwaka 2017, nusu karne baadaye, wakati mashahidi wengi wamekwisha kufa.

Serikali ya Rais Obasanjo iliunda tume mwaka 1999, chini ya Jaji Chukwudifu Oputa, kusikiliza malalamiko ya dhulma zilizopita. Watu walikuja, wakalia mbele ya umma, wakasema. Ripoti ilikabidhiwa mwaka 2002, na serikali haikuichapisha. Chinua Achebe alitoa kumbukumbu zake za vita mwaka 2012, na nchi nzima ikazozana kama kwamba risasi zimelia jana. Mwaka 2014 filamu iliyotokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie juu ya vita hivyo ilizuiliwa kwa miezi na wakaguzi, kwa khofu ya kuamsha fitina. Wenye madaraka hudhani kuwa kukumbuka ndiko kunakoleta fitina. Sisi tunaona kuwa fitina hupata nguvu pale kumbukumbu inapoachwa gizani, mwenye chuki akawa ndiye mwalimu wa pekee.

Na sisi tumo katika kisa hiki. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa dola ya kwanza kuitambua Biafra. Mwalimu Nyerere alieleza sababu zake kwa maandishi mbele ya ulimwengu: kwamba umoja wa nchi husimama juu ya ridhaa ya watu wake, na kwamba watu waliokosa usalama ndani ya dola hawawezi kulazimishwa kwa bunduki kuipenda. Maneno hayo yalisemwa miaka minne tu baada ya mambo ya mwaka 1964. Ni wangapi katika watoto wetu wanaoyajua? Na anayeyajua, ana ruhusa ya kuuliza yanatuhusu vipi sisi?

Hapa ndipo tunaporudi nyumbani. Sisi hatukuwa na miezi thelathini ya vita, lakini tulikuwa na Januari yetu. Idadi ya waliokufa visiwani mwaka 1964 inasemwa kuwa mamia na inasemwa kuwa maelfu mengi, kwa mujibu wa anayesema. Na hatujapata kuona orodha ya majina. Baina yetu wako waliopata ardhi na heshima ambayo wazee wao hawakuwa nayo, na wako waliompoteza baba wakasahau hata sura yake. Mtoto wa huyu na mtoto wa yule husoma skuli moja. Tunataka wizara itujibu: wanasomeshwa nini juu ya wazee wa mwenzao?

Lakini gazeti hili halikuanzishwa ili kuwaambia wanachama wake yale wanayopenda kuyasikia peke yake. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa siku tutakaposhika madaraka tutachoma kitabu kile cha zamani na kuandika chetu. Watu hao tunawaambia wazi kwamba wamekosea. Kitabu chetu kitaanzia wapi? Kikianzia tarehe 12 Januari 1964 na kunyamaza juu ya uchaguzi wa Julai 1963, ambapo chama kimoja kilipata kura nyingi na wengine wakapata viti vingi, kitakuwa kimeficha. Kikinyamaza juu ya Juni 1961, walipouawa watu 68 katika fujo za uchaguzi, kitakuwa kimeficha. Na hapo hatuwezi kuwasukumia makosa askari na watawala peke yao. Magazeti ya vyama vya pande zote, mengine yakichapwa kwa stensili kama hili letu, yalishinda miaka yakitukanana asili na ukoo, mpaka jirani akamwona jirani yake kuwa ni mgeni. Chama kitakachobadilisha jina la mshindi kikaacha kitabu kile kile, hakitakuwa kimeleta haki.

Basi twadai nini? Kwanza, kufunguliwe nyaraka za miaka ile, watafiti wetu wazisome hapa hapa wasizifuate London. Pili, yatafutwe majina ya waliokufa, wa kila upande, Unguja na Pemba, bila ya kuuliza kabila wala chama, na waliouawa Januari 2001 wamo. Tatu, Historia ya visiwa hivi ifundishwe kwa ushahidi wa wote, mwalimu akilindwa asifukuzwe kwa kujibu suala la mwanafunzi. Nigeria imetuonyesha kuwa hata msamaha ulio mzuri haudumu ukikosa darasa.

Na kwa wanachama wetu tunalo ombi ambalo halingoji serikali. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1964 wamebaki wachache, na kila msiba tunaokwenda huzikwa na khabari isiyoandikwa. Kila tawi lichague vijana wawili wenye khati nzuri, wakae na wazee wa mtaa wao, waandike wanayosimuliwa bila ya kuongeza wala kupunguza. Wasiwaendee wazee wetu peke yao. Wamwendee pia yule mzee aliyeshika panga usiku ule, ikiwa atakubali kusema, wampe salamu na shikamoo yake, na waandike maneno yake kwa uaminifu ule ule. Hilo litakuwa zito kwa wengi wetu, nasi tunajua tunachokiomba.

Mungu awarehemu waliotangulia, wote pamoja, na atupe sisi ujasiri wa kuwataja.